Sahani ya Maini

Kulikuwa na ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Desturi ya ukoo wao, mbuzi akichinjwa, maini na figo ni za kaka mkubwa. Mdogo anapewa mbavu. Na ule wivu, jamani, ulimla kuliko yeye alivyozila mbavu! Kaka akija shereheni polepole na fimbo yake na ndara zake pana, mdogo ananuna: "Mtazameni anavyojidai! Hata kutembea anataka tumsubiri."

Siku ya arusi ya mpwa wao uvumilivu ukamwishia. Akasimama mbele ya wakwe. "Kaka, leo sahani hiyo naila mimi."

"Chukua, mdogo wangu. Lakini ngoja nikwambie..."

"Lakini nini? Roho inakuuma?"

Kaka akamsogezea sahani. Mdogo akafuta sahani. Tangu hapo, kila sherehe sahani ikawa yake, mpaka asubuhi moja akaamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka likikigusa anapiga yowe. Aliyempeleka zahanati ni nani? Kaka yule yule.

"Hili ni jongo," daktari akasema. "Maini na figo vikisagwa mwilini huacha asidi ya yuriki. Hata usipovila, mwili wenyewe unaitengeneza kila siku. Shida ni isipotoka na mkojo. Ikizidi, inaganda kwenye kiungo, punje kali kama chupa iliyosagwa. Kwenu kuna mwingine mwenye nalo?"

Kaka akavua ndara. Kidole chake kilikuwa na manundu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza, ukasema roho inaniuma."

Mdogo akalia kwa aibu. Kaka akampa fimbo yake ajikongojee. Mdogo akapiga hatua, akaishika vizuri, akatazama chini: "Kaka, hizo ndara ulizipata wapi?"

Mnacheka? Chekeni, lakini mguu wa nani unauma hapa? Nani hajawahi kuutazama mlango wa jirani akanuna? Wivu hatuununui, tunazaliwa nao, unajitengeneza wenyewe kila siku. Asidi ile daktari ana dawa yake. Hii nyingine tunaitoa wenyewe, kwa kumwambia ndugu yako hongera na kumaanisha. Usipoitoa, inaganda. Na ukishaganda nayo, ndugu yangu, hata ukisaidiwa kwa fimbo ya mwenzio, utazitamani na ndara zake. Basi leo, kabla hujatoka mlango huu, mtazame aliye kando yako. Unamjua unayemnunia. Mpe mkono.