Vyeti Viwili vya Kiwanda cha Maziwa

Wapendwa, leo nawapeleka kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, huko nyanda za juu kwenye baridi. Mwenye kiwanda tumwite Mama Mtweve. Alianza na sufuria moja jikoni kwake, akafika mahali ambapo mtindi wake uliuzwa mpaka mjini. Ukutani alitundika cheti cha usalama wa chakula, na hakukipata kwa ujanja. Mama huyu alikuwa msafi! Usingeingia kwake na viatu vya shambani, na maziwa ambayo joto lake halijapimwa hayakusogea hatua moja mbele. Akiyatilia shaka aliyaweka kando, hata kama wateja wanasubiri barabarani.

Sasa wafugaji wakawa wengi, foleni ya asubuhi getini ikawa ndefu. Akanunua programu ya akili mnemba, hizi kompyuta zinazojifunza kutokana na mambo zinayoonyeshwa. Mfugaji akifika anataja jina na anakotoka. Taa ikiwaka kijani, maziwa yake yanapokelewa na kupimwa. Ikiwaka nyekundu, anarudi nayo nyumbani bila hata kufunuliwa kifuniko. Foleni ikaisha. Mama akafurahi, akaomba na cheti cha pili, kile cha usimamizi wa akili mnemba.

Mkaguzi akaja kwa ajili ya vyote viwili, cha chakula kukihuisha na hiki kipya kukitoa. Akaanza na chakula.

"Maziwa yakiharibika, mnajuaje?"

Mama akajibu bila kupumua. Yanapimwa wapi, nani anapima, yakionekana mabaya yanazuiwa vipi, na yakishatoka yanarudishwaje kutoka madukani.

"Na hii taa ya getini ikikosea, mnajuaje?"

"Hiyo haikosei, baba. Ni kompyuta."

"Kwa hiyo anayekataliwa anamlalamikia nani?"

Mama akacheka kidogo. "Atailalamikia mashine?"

Mkaguzi hakucheka. Akamwambia, "Mama, vyeti hivi ni ndugu. Kimoja kinauliza maziwa yamepita wapi mpaka yakamfikia mnywaji. Kingine kinauliza uamuzi umepita wapi mpaka ukamfikia mtu. Vyote vinataka ujue hatari ilipo kabla haijaumiza, na awepo mtu wa kuwajibika. Tofauti ni hii: maziwa mabaya mteja atayatapika, utasikia. Uamuzi mbaya anaondoka nao aliyekataliwa, kimya kimya, wala hutasikia chochote."

Wakatoka wote kwenda getini. Na pale getini, wapendwa, alikuwa amesimama mwanamke mmoja wa bondeni, jina lake Oresta, na dumu lake la maziwa. Taa ilikuwa nyekundu, lakini hakuondoka.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nimekataliwa tangu kiangazi. Leo naomba mnipimie tu. Mkiyakuta mabaya, nitayamwaga hapa hapa mbele yenu."

"Marahaba, mwanangu. Lakini si mimi niliyekukataa," Mama Mtweve akasema. "Ni mashine."

Angemrudisha, kama si mkaguzi kusimama pale akimtazama. Basi akafungua dumu mwenyewe. Akapima kama yamechanganywa na maji, akapima kama yameanza kuchacha. Akarudia, maana hakuamini. Maziwa yalikuwa safi, mazito, mazuri kuliko mengi yaliyokwisha kupokelewa asubuhi ile.

Akamwita fundi wa kompyuta kwa hasira, maana mashine ilijua jina la mtu na anakotoka tu. "Nani ameifundisha mashine hii kukataa watu wa bondeni?"

Fundi akainamisha kichwa. "Imejifunza kwako, mama. Tuliionyesha ulivyokuwa ukipokea na kukataa miaka yote kabla haijaja. Watu wa bondeni ulikuwa ukiwarudisha."

 Mama alikumbuka. Zamani sana mtu mmoja wa bondeni alimletea maziwa yenye maji, na tangu siku hiyo, akisikia mtu ametoka bondeni, mkono wake ulikuwa umeshamwonyesha njia ya kurudi. Hakuwahi kuwapima. Yeye aliyepima kila kitu! Mashine haikubuni lolote. Ilichukua dhana yake, ikaifanya kuwa sheria ya getini.

Uso ukamwiva kwa aibu. Akamshika Oresta mkono. "Nisamehe, mwanangu. Maziwa yako ni mazuri. Kesho lete, na keshokutwa lete."

Oresta akasema taratibu, "Ahsante, mama. Kesho sina. Ng'ombe nimemuuza, wanakuja kumchukua leo mchana. Sikuja kuuza. Nilitaka tu kujua kama kosa lilikuwa langu."

Akafunika dumu lake, akashuka zake bondeni.

Cheti cha chakula Mama alihuishiwa siku ile ile. Kile cha pili alisema mwenyewe hakistahili, akazima taa ya getini.

Sasa niwaulize, ninyi mliokaa hapa. Ni nani kati yetu anakula bila kunawa? Hakuna. Maziwa yakinuka kidogo tunayamwaga. Lakini haya tunayoyaamini kuhusu watu, nani ameyapima? Tunaposema wale wa mtaa ule ni wezi, kabila lile halioleki, yule kijana hafai kazi kwa sababu tunamjua baba yake, tumefungua kifuniko tukaangalia? Mara ya mwisho ilikuwa lini?

Tena siku hizi tunaleta mashine zituamulie nani apewe mkopo, nani aitwe kwenye usaili. Tunadhani tumeondoa upendeleo. Jamani, zitajifunza kwa nani kama si kwetu? Tukizilisha dharau zitatoa dharau, kwa haraka zaidi na kwa watu wengi zaidi, na sisi tutasimama pembeni tukisema, si mimi.

Mbele za Mungu hakuna jibu la namna hiyo. Wiki hii utamkataa mtu, nyumbani, kazini au hapa hapa kanisani. Kabla hujamkataa, mpime. Na ukishamkataa, mtazame usoni umwambie sababu, ili asiende nyumbani akijiuliza amekosa nini. Wako watu waliokwisha kuuza walichokuwa nacho kwa sababu ya hapana yetu, na hatuwajui hata kwa majina. Twende tukawatafute.