Nyuki au Wazimu?

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu ambapo simu zilishajaa mifukoni, palikuwa na mama mmoja wa Sikonge aitwaye Kashindye. Alinunua asali kwa warina asali wa misituni, akaichuja, akaijaza kwenye chupa. Mwaka mmoja akasema, "Hii naipeleka China."

Warina asali wakamwamini. Walanguzi walipokuja na madebe yao wakarudishwa mikono mitupu, asali yote akapewa Kashindye kwa ahadi tu. Kwa hiyo jueni mapema: asali hii ikikwama, Sikonge watu watalia. Kashindye naye akawaambia mbele ya wote, "Atakayetufungulia mlango wa China, jina lake litaandikwa kwenye kila chupa. Na atakayetuharibia, kwangu hana kazi tena."

Akasafiri na Mihayo, mtafsiri wake, aliyesoma China mpaka akawa anaota kwa Kichina. Kule akamwajiri Bwana Shen, afisa uhusiano, mtu anayewajua waandishi wa magazeti ya Kichina kwa majina na kwa chai wanayopenda. Mzee Tan, mwenye maduka makubwa, alikwisha kukubali kuichukua asali yote, ila kwa sharti: magazeti yaandike kwanza, wateja waijue.

Basi Mihayo akaketi kuandika taarifa kwa waandishi. Sogeeni, hapa ndipo penye utamu wenyewe. Kwa Kichina nyuki ni feng. Na wazimu ni feng. Sauti ni ile ile, hakuna sikio la kuzitenga. Zinatengana kwenye maandishi tu, kila moja ina alama yake. Ukiandika kwa kompyuta, unaandika sauti, kompyuta inakupangia alama, wewe unachagua. Mihayo akaandika feng, akachagua. Kisha akaisoma taarifa yote kwa sauti, akairudia. Masikio yakasema iko sawa. Macho hakuyauliza.

Akampa Shen. Shen akasoma: Asali ya Wazimu kutoka Sikonge. Akatabasamu, akanyamaza, akaisambaza.

Waandishi wakaja. Kashindye akasimulia habari za nyuki, Mihayo akatafsiri. Waandishi wakasikia feng, wakatazama karatasi, wakaona feng ile nyingine, wakaandika walichokiona. Asubuhi magazeti yakatoka: ASALI YA WAZIMU YAINGIA MJINI.

Haikupita muda Mzee Tan akampigia Mihayo simu. "Dukani kwangu wanakuja akina mama na watoto. Wazimu siuzi." Akakata.

Mihayo akalikimbilia gazeti, na sasa akalisoma kwa macho. "Mama," akasema, "nimetumaliza." Akaeleza yote, hakuficha kitu. Kashindye akakaa kitandani pale hotelini, akalia waziwazi. Asali iko bandarini. Warina asali wako Sikonge, wanasubiri.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Qiu, mwandishi wa gazeti dogo, yeye peke yake hakuwa ameandika neno. Akasema, "Nimesikia nyuki, nimesoma wazimu. Nimekuja kuuliza, ni kipi?"

Mihayo angeweza kumwambia, "Tulikusudia." Hakusema hivyo. "Ni nyuki," akajibu. "Wazimu ni kosa langu mimi."

Qiu akamgeukia Kashindye. "Lakini nyuki wenu wana wazimu kidogo?"

Kashindye akafuta machozi, akamgeukia Mihayo. "Mwambie hivi, mwanangu. Hao nyuki walimkimbiza shemeji yangu siku ya harusi yake, mpaka akajitupa mtoni na suti mpya. Kama huo si wazimu, basi mimi sijui wazimu ni nini."

Qiu akacheka mpaka akashika ukuta, akaenda akaandika yote: alama iliyokosewa, kijana aliyekiri, shemeji na suti yake. Mji mzima ukasoma. Watu wakajaa kwenye maduka ya Mzee Tan wakiulizia "ile asali ya wale nyuki wazimu". Mzee Tan akapiga simu tena, safari hii kwa sauti ya asali, akaichukua shehena yote.

Ikabaki lebo. Mchapaji akapiga simu, akauliza, "Tuandike jina la nani?" Na wenye madai walikuwa watatu.

Mihayo akasema, "Andika langu. Bila kosa langu asali hii ingekuwa asali tu, ya kukaa rafuni na kushika vumbi."

Shen akasema, "Hapana, langu. Kwetu matangazo huchezea maneno yenye sauti moja. Nilidhani mmefanya makusudi, nikawasifu moyoni. Na hata kama ni kosa, ningemsahihisha vipi mgeni na kumwaibisha mbele ya bosi wake? Ningelifuta, nani angeandika habari yenu?"

Qiu akasema, "Mmoja wenu hakuona. Mwingine aliona akanyamaza. Mimi niliona nikauliza. Kosa liliufunga mlango, swali ndilo lililoufungua."

Na mjue, Shen na Qiu walisema kwa Kichina. Aliyemtafsiria Kashindye hoja za kumwangusha Mihayo alikuwa Mihayo mwenyewe, neno kwa neno, hakupunguza hata moja. Mimi hilo lilinigusa, sifichi. Lakini si mimi wa kuamua.

Wewe unayecheka huko nyuma, usiseme haraka. Ukimpa Mihayo, unawaambia watafsiri wote waandike wamefumba macho. Ukimpa Shen, unamlipa mtu kwa kunyamaza. Ukimpa Qiu, yeye hakuwa hata mtu wao, alikuja kutafuta habari yake, akaipata. Na shemeji mlitaka kumsahau?

Mchapaji ameshika simu, hajakata. Je, nani alistahili jina lake likae kwenye chupa? Na yule aliyestahili kufukuzwa kazi, ni mwingine, au ni huyo huyo?