Daraja la Tao la Mto Kisyosyo

Kiunzi hulegezwa, haking'olewi. Mmemsikia mama yenu akimwambia baba yenu hivyo, alipotaka kumwachia dada yenu duka lote kwa mara moja, nanyi mnauliza maneno hayo yalitoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Reli ilipofika Mto Kisyosyo, mafundi walijenga daraja la mawe lenye tao kubwa. Mawe hayakai hewani, kwa hiyo kwanza waliunda kiunzi cha magogo chenye umbo la tao, wakakikalisha juu ya kabari za mbao, ambazo zikilegezwa kiunzi hushuka kidogo kidogo. Mawe yakapangwa juu yake kutoka kingo zote mbili, hata yakakutana katikati.

Kabla kiunzi hakijatolewa, mvua ikanyesha milimani. Mto ukafura, magogo yaliyochukuliwa na maji yakaanza kugonga nguzo za kiunzi. Msimamizi wa ng'ambo hii, Anyosisye, alimwona shemeji yake Gwakisa chini ya tao, ng'ambo ya pili. Dada yake Atupele, mke wa Gwakisa, alikuwa ukingoni na mtoto mgongoni. Anyosisye akashika shoka.

"Tokeni huko! Nakata nguzo, kiunzi kiende na maji kabla hakijaliangusha tao!"

"Usikate, shemeji!" Gwakisa akapaza sauti. "Ukiking'oa upande wako, mawe yote yatanilalia mimi!"

"Maji yatakuua!"

"Maji bado hayajanifikia. Shika nyundo. Tulegeze kabari pamoja, kidogo kidogo, mawe yazoee kubebana."

Anyosisye aliinua shoka, akasita. Alimtazama dada yake, naye Atupele akasema, "Kaka, msikilize."

Akatupa shoka, akachukua nyundo. Huku mafundi wakigonga, kule wakigonga, wote kwa wimbo mmoja. Tao likaguna, vumbi la chokaa likawamwagikia, tao likashuka upana wa kidole. Wimbo ukakatika. Kisha tao likatulia. Gwakisa akavuta kabari, ikatoka kwa mkono mtupu kama jino la mtoto. Tao lilikuwa limejibeba.

Walipanda mbio. Punde mafuriko yakabomoa kiunzi na kukizoa chote, lakini kwenye tao halikuanguka hata jiwe moja. Atupele aliketi matopeni, akacheka huku analia. Anyosisye alimkumbatia shemeji yake, hakutaka kumwachia.

"Niachie, shemeji, nipumue," Gwakisa akasema.

"Nitakuachia polepole," akajibu Anyosisye. "Si umenifundisha mwenyewe? Kiunzi hulegezwa, haking'olewi."