Majembe Mawili Yasiyo na Mwenyewe

"Jembe langu lipo," alisema Nyati. "Kwa hiyo na mimi nipo."

"Jembe lipo, sikatai. Linalima?" aliuliza Digidigi.

"Hilo si lako kuuliza."

"Ni langu, Bwana Nyati. Magugu ya ngwe yako yanatambaa mpaka kwangu. Jana nimeyang'oa hadi kiuno kimekataa kunyooka."

"Nani alikutuma? Ungeyaacha."

Kiboko, aliyekuwa amelala kwenye dimbwi hapo jirani, alifungua jicho moja. "Mama huyu anapenda maneno. Mwili kama kikapu, mdomo kama ngoma ya harusi."

Pwaa! Akajigeuza upande wa pili, na tope likamrukia Digidigi usoni. Nyati akacheka mpaka akakohoa.

Haya yalikuwa zamani za mbali sana, wadogo zangu, enzi zile wanyama walipokuwa na nyumba, na majiko, na majirani wa kugombana nao kama sisi. Wanyama wa bonde moja walikuwa na bustani ya pamoja kando ya mto. Kila mwanachama alikuwa na ngwe yake, yaani kipande chake cha kulima, lakini mboga zote zilichumwa siku moja na kugawanywa mahali pamoja. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Kanga, mama wa madoadoa, mwenye kufuata kanuni kuliko mtu yeyote bondeni.

Na kanuni moja ilikuwa hii. Mwanachama akiugua au akifiwa, alichomeka jembe lake kichwani mwa ngwe, mpini chini, bapa juu. Jembe likisimama hapo, mwenyewe alihesabiwa kuwa yupo, na wenzake walimlimia bila kunung'unika mpaka apone au atoke matangani.

Ilikuwa desturi ya huruma. Nyati na Kiboko waliigeuza kitanda.

Siku ya kwanza ya masika, walipokuja wote na majembe yao, wawili hao walichomeka yao, chwi, chwi, wakaenda zao kulala kwenye tope. Hawakuwa wagonjwa. Hawakuwa wamefiwa na yeyote. Hata hawakungoja Bi Kanga apitishe chuma cha moto kuchoma alama ya kila mwanachama kwenye kitako cha mpini, jambo lililofanyika mchana ule. Bi Kanga alipofika kwenye majembe yao hakuona mtu. Akatazama nyayo walizoacha matopeni, akazichoma vilevile kwenye vitako vya mipini, akayarudisha majembe kwenye mashimo yake.

"Kanuni ni kanuni," alisema.

Digidigi aliona yote hayo, akanyamaza. Alikuwa na sababu ya kunyamaza na sababu ya kukasirika, na zote mbili zilikuwa zikimsubiri nyumbani: watoto watatu. Mwaka uliotangulia, siku ya mgao, Nyati alisimama akasema tumbo kubwa lipewe fungu kubwa, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Digidigi alirudi kwake na vitawi vitatu vya mchicha. Kiangazi chote watoto wake walitafuna majani ya miiba mpaka midomo ikachubuka, na yule wa mwisho akakonda hadi mama yake akawa anaamka kumsikiliza kama bado anapumua. Safari hii Digidigi aliapa kwamba hilo halitarudi.

Basi akalima. Mvua ilinyesha, akalima. Alisia mchicha na mnavu, akapandikiza nyanya, akazisimamishia vijiti. Alipalilia kunde mara mbili. Viwavi walipoingia kwenye bamia aliwaokota mmoja mmoja kila asubuhi, huku umande ukimlowesha mpaka mapajani. Wenzake nao walilima, na kwa kuwa majembe mawili yalisimama pale kama mabwana shamba, walilima na ngwe za wale wawili pia.

Kufikia mwisho wa masika, mpini wa jembe la Digidigi ulikuwa umelainika kama mwiko wa miaka mingi. Mahali alipozoea kushika palikuwa na shimo dogo lenye ukubwa wa kwato yake. Kwenye majembe ya Nyati na Kiboko, kutu ilikuwa imekula bapa, mchwa wamepaka udongo wao mpaka juu, na nyigu wamejenga nyumba pale mpini unapoingia kwenye bapa.

Upepo wa kipupwe ulipoanza kuvuma na bustani ikajaa, Bi Kanga alitangaza kwamba mgao ni kesho. Fungu la kila mmoja litawekwa mbele ya jembe lake.

Mchana huo Digidigi alikwenda dimbwini. Alitembea taratibu, kichwa chini.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," aliitikia Kiboko. "Leo umekuja na heshima. Umeumwa na nini?"

"Nimeumwa na akili, mzee wangu. Nimekaa nikafikiri, nikaona mimi ni nani hata nibishane na wakubwa?"

Nyati alimtazama Kiboko. "Unasikia? Nilikwambia atachoka."

"Basi nimekuja kuwatonya," alisema Digidigi kwa sauti ya chini. "Kesho Bi Kanga atatazama majembe. Jembe linalong'aa, fungu kubwa. Jembe chafu, aibu tupu. Leo jioni nayaosha majembe ya bustani, nitayapanga kwenye majani karibu na mafungu. Nyinyi fikeni mapema tu, kila mmoja asimame nyuma ya jembe lake."

"Na uyasugue sawasawa," alisema Nyati.

"Nitayasugua, bwana."

"Hasa langu."

"Lako likoje, nisije nikakosea?"

Nyati akajikuna pembe. Akatazama juu, akatazama tope. "Jembe ni jembe," alisema mwishowe. "Lina mpini."

"Lina na bapa," aliongeza Kiboko kumsaidia.

Digidigi akashukuru, akaondoka. Alipofika nyuma ya matete alicheka peke yake, kichikichi, kimyakimya, mpaka machozi yakamtoka.

Aliyaosha majembe yote kwa mchanga wa mto, kwacha kwacha kwacha, yakang'aa kama mbalamwezi. Yote isipokuwa mawili. Hayo aliyang'oa jinsi yalivyo, na kutu yake, na mchwa wake, na tope lililokauka kwenye vitako vya mipini, akayalaza mwisho wa mstari.

Asubuhi Nyati na Kiboko walifika kabla ya wote, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya msimu mzima. Walipita kwenye mstari wakikodoa macho. Nyati akachagua jembe lililong'aa kupita yote, akasimama nyuma yake, kifua mbele. Lilikuwa la Digidigi. Kiboko akachagua la pili kwa kung'aa. Lilikuwa la Bi Kanga mwenyewe.

Wanachama wakaja. Bi Kanga alipoona nani amesimama nyuma ya jembe lake, manyoya ya shingo yalimsimama, akafungua mdomo. Digidigi akamkanyaga kidole.

"Subiri, dada," alinong'ona. "Subiri kidogo tu."

Kisha akapaza sauti. "Bi Mwenyekiti, kabla ya mgao nina lalamiko. Tazameni majembe mawili pale mwisho. Msimu mzima hayajagusa udongo. Mimi ni mdogo, sijui kuhukumu. Nawauliza wakubwa wetu: mwenye jembe kama hili afanywe nini?"

Nyati alikuwa anasubiri nafasi kama hiyo. Alipiga hatua moja mbele, akalitazama lile jembe la kutu, akatema mate pembeni.

"Hili si jembe, ni kaburi la nyigu," alisema. "Mwenye hili ni mvivu, mwana wa mvivu. Anawalisha mchwa wakati sisi tunavunjika migongo. Mimi nasema asiguse hata jani la mchicha."

"Hata shina," alisema Kiboko. "Na masika ijayo awalimie wote waliomlimia. Wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka."

"Mmesikia wenyewe," alisema Digidigi. "Wakubwa wamehukumu. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Wengine walikuwa wameanza kuziba midomo, maana kila mmoja alilijua jembe lake kama anavyoujua mlango wa nyumba yake, na waliona wazi yapi yamebaki bila mwenyewe.

"Na haya mliyosimama nayo ni yenu kweli?" aliuliza Digidigi.

"Unauliza nini, wewe? Nimelima nalo tangu mvua ya kwanza," alisema Nyati.

"Hebu lishike tuone."

Nyati akalishika. Kwato yake ikafunika lile shimo dogo la mpini, ikafunika na juu yake na chini yake, na mpini mwembamba ukapotea kabisa kama sindano kwenye gunia. Alijaribu kulipiga chini, kach, likamponyoka likamwangukia mguuni. Bonde zima likalipuka kicheko.

Digidigi hakucheka. Alichota maji kwa kata, akayamimina kwenye vitako vya mipini ya yale majembe mawili, churururu. Tope likayeyuka. Kwenye mmoja ikatokea kwato pana iliyopasuka katikati. Kwenye mwingine ukatokea unyayo wa vidole vinne vinene.

Wote wakainama kutazama.

"Kanuni ni kanuni," alisema Bi Kanga, na akalichukua jembe lake kutoka kwa Kiboko bila hata kumtazama.

"Ni wewe," Nyati alimwambia Kiboko. "Wewe ndiye uliyesema shina."

"Na aliyesema jani nani? Bibi yako?"

"Ningekuwa peke yangu ningelijua jembe langu!"

"Ungelijulia wapi? Hata dimbwi lako hulijui, kila siku unalala kwangu."

Wakasukumana, wakapigana vichwa, gu, gu, wakabingirika mpaka kwenye dimbwi. Huku nyuma wadogo wakafunga mafungu yao haraka, mchicha, mnavu, kunde, bamia, nyanya, wakabeba, wakaenda. Vumbi lilipotulia, palibaki majani makavu na majembe mawili ya kutu.

Jioni nyumba ya Digidigi ilinukia mchicha na nyanya. Watoto watatu walikuwa wamezunguka chungu, na yule wa mwisho alikuwa ameshalamba mwiko mara mbili. Mlango ukagongwa, ngo ngo ngo, na pua kubwa yenye unyevu ikaingia, maana ni pua tu iliyoweza kuingia.

"Hodi," alisema Nyati. "Jirani, nimepita tu. Nimesikia harufu. Hata majani mawili, mama watoto, usiniangalie vibaya. Kesho tutazungumza yale mambo ya jembe."

Digidigi alifunika chungu. Akaja mlangoni, akasimama mbele ya ile pua iliyokuwa kubwa kuliko yeye mzima, wala hakurudi nyuma.

"Jembe lako limeegemea ukuta hapo nje, Bwana Nyati, nimekuletea na kukuoshea," alisema. "Anayekula cha shamba ni aliyelima, na asiyelijua jembe lake asibishe hodi chungu kikiwa jikoni."