Pimbi na Mpaka wa Majini

"Jamani, nikate hadithi?"
"Kata, tena kipande kikubwa!"

Haya. Palikuwa na Kiboko, na palikuwa na bwawa. Kiangazi kile mito yote ilikauka, likabaki bwawa hilo moja lenye chemchemi ndogo chini yake. Kiboko akaingia katikati, pwaa! Akasema, "Langu." Akaja Swala, akafukuzwa. Akaja Nyani, akafukuzwa. Akaja hata Nyati na mapembe yake, akafukuzwa.

Akaja Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe, hata mkia hana. Watoto wake watatu walikuwa wamelala juu ya mawe, ndimi nje, kulia hawawezi.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikuja kuomba bwawa, bwana. Nipe pembe ile tu, upana wa ungo. Yaliyobaki yote yako."

Kiboko akacheka, kho kho kho. Akakata matete, akayachomeka majini kuizunguka pembe ile. "Huu mpaka. Chako kwako, changu kwangu. Humo fanya utakalo, ila usivuke."

"Sivuki, bwana."

Wallahi huyu Pimbi nampenda. Kwanza akawanywesha watoto. Akajaza vibuyu. Ndipo akaketi kutwanga pilipili kichaa, twa, twa, twa, huku akiimba:

Taratibu, nenda taratibu,
hata kwa bwana utafika.

Akaimimina kwake. Akatulia. Hakukoroga, wala upepo haukuvuma. Pilipili ikaenda taratibu. Ikapita kati ya matete. Ikafika mkiani kwa Kiboko, ikafika tumboni, ikafika machoni.

"Pimbi, nani amekoroga maji?"

"Hakuna, bwana."

"Nani amevuka mpaka?"

"Mimi niko kwangu, bwana."

Na wimbo nao ulikuwa umekwenda. Swala anauimba kichakani, Nyani anauimba mtini, Nyati anauimba kwa besi.

"Nyie, nani kawafundisha?" Kiboko akafoka.

"Hakuna, bwana. Tumejikuta tunaimba."

Kiboko akatoka nje, jua likamchoma mgongo. Akarudi majini, pilipili ikamchoma kila mahali. Akatoka, akarudi, pwaa, pwaa, mpaka kiburi kikamwisha.

"Pimbi mwanangu, toa pilipili yako kwangu."

"Kwa moyo mmoja, bwana. Nionyeshe tu ipi iko kwako na ipi iko kwangu."

Kiboko akatazama maji. Akatazama tena. Maji yalikuwa maji tu.

"Basi ng'oa matete, kila mtu anywe," Pimbi akasema. "Nami sitwangi tena, na chemchemi itayasafisha."

Kiboko akang'oa tete la kwanza, akang'oa la pili, na kufika la tatu mdomo wake mwenyewe ukawa unaimba: taratibu, nenda taratibu.

Siku ya nne maji yalikuwa matamu, wakanywa wote.

Nimeitua hapo. Funzo lake, watoto: mwenye bwawa aweke mpaka, kwani mpaka huzuia kila kitu. Na ngano hii ni ya humu ndani tu, asiwepo wa kuivusha kizingiti.