Kivuko cha Kissa

Kukaa mbele si kujua njia. Bibi aliutoa msemo huo barazani, sinia la maharage likiwa mapajani, wajukuu zake wawili walipokuwa wakigombea kiti cha mbele cha gari lililosimama uani. Kila mmoja alikuwa ameshika mlango, na hakuna aliyekuwa tayari kuuachia. Waliposikia maneno yale waliacha kusukumana, wakamuuliza ameyatoa wapi, kwa sababu hawakuwahi kuyasikia shuleni wala mtaani. Bibi akawaambia wakae chini, maana methali nayo ina kwao kama mtu, na kwao hii ni Rungwe, kwenye barabara ya kwenda ziwani. Ilizaliwa hivi.

Kulikuwa na mwanamke wa Mbeya, tumwite Tusekile, maana ni jina zuri na halimdhuru mtu. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa kiume, Ambilikile, fundi seremala. Tangu mama yao alipofariki, Tusekile ndiye aliyepanga safari zote za familia. Kila Krismasi walipokwenda kijijini kumwona baba, yeye ndiye aliyesema waondoke saa ngapi, mkate ununuliwe wapi na wapumzike wapi. Garini alikaa mbele, kando ya dereva. Hata Ambilikile alipooa, dada mtu hakuhama kiti. Kissa, mke wa Ambilikile, alipanda nyuma pamoja na mabegi kwa miaka tisa, na hakuwahi kunung'unika.

Mwaka wa kumi Ambilikile akanunua basi dogo kuukuu, akajifungia nalo karakana miezi mitano. Lilipotoka lilikuwa gari la kulala. Lilikuwa na kitanda cha mninga, kabati la vyombo, jiko la gesi, sinki la kumwagia maji kwenye ndoo, na mapazia ya kitenge. Majirani walikuja kulitazama kama watu wanaokuja kumwona mtoto mchanga. Safari ya kwanza ikatangazwa: siku tano kutoka Mbeya mpaka Matema, taratibu, wakisimama kila penye uzuri. Wangeona Ziwa Ngozi, mashamba ya chai, maporomoko, kisha wangemalizia ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Jioni hiyohiyo Tusekile akaenda kwa mdogo wake na kalamu na karatasi zake. Akakuta kazi imeshaanza. Kissa alikuwa mezani na daftari la gamba jekundu, mumewe amemwinamia begani, wanacheka. Kissa alikuwa amewauliza madereva wa malori ya ndizi na akina mama wauza parachichi, na kila kituo alikuwa amekiandikia habari zake: gari liegeshwe wapi, maji safi yapo wapi, ukungu huondoka saa ngapi mpaka mlima uonekane.

"Dada," Ambilikile akasema, "safari hii Kissa atakaa mbele. Vituo vyote anavyo yeye."

Tusekile akatabasamu na kukunja karatasi zake. Wivu ukamwingia, na sitawaficha, haukuwa wivu mdogo. Ulikuwa ule wa kumnyima mtu usingizi, ukamfanya achukie hata mwandiko wa mwenzake kwa sababu ni mzuri. Alijiambia kwamba leo amenyang'anywa kiti, na kesho atanyang'anywa ndugu.

Sasa hapa ni lazima niwaeleze jambo, maana ninyi mmekulia mjini. Katika nyumba zilizoshika mila ya kwetu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mkamwana akimwona mzee anakuja, huiacha njia akajificha. Hawali pamoja wala hawapandi gari moja, na hiyo ni heshima, si ugomvi. Tena mkamwana hatamki jina la mkwewe, wala neno lolote linalofanana nalo. Baba yao akina Tusekile aliitwa Daraja, kwa kuwa alizaliwa mwaka ambao daraja la mawe lilijengwa karibu na kwao. Basi Kissa, tangu aolewe, hakuwahi kusema daraja. Alisema kivuko. Liwe la mawe, la chuma au la mti mmoja juu ya mtaro, kwake lilikuwa kivuko tu. Watu walimcheka, na Tusekile aliwashinda wote kwa kucheka.

Mila hiyo ndiyo Tusekile aliyoigeuza fimbo. Wiki moja kabla ya safari alipanda basi peke yake mpaka kijijini, karibu na Tukuyu, akamwambia baba yake kwamba Ambilikile ana gari la kulala, kwamba Kissa hatakwenda, na kwamba watampitia Jumanne wampeleke akaone ziwa. Mzee Daraja aliwahi kufanya kazi bandarini ujanani, na hakuwa ameliona ziwa tena kwa miaka arobaini. Alishika mikono ya bintiye kwa furaha. Tusekile alirudi mjini, na akajiambia kwamba amemfanyia baba wema.

Safari ikaanza Jumatatu. Kissa alikaa mbele. Walisimama Ngozi, wakasimama kwenye chai, na kila kituo kilikuwa kama daftari lilivyosema. Ukungu uliondoka saa ileile. Ambilikile alimsifu mkewe mara tatu, na Tusekile, kule nyuma na mabegi, alizihesabu zote tatu.

Jumanne walipokaribia kijijini, mpango wa Kissa ulikuwa gari lisimame mbali, yeye abaki, ndugu wawili waende kumsalimia baba. Lakini walipokata kona walimkuta Mzee Daraja amesimama kando ya barabara, kavaa koti na kofia, fimbo mkononi na kibegi miguuni. Kissa akajifunika khanga usoni na kugeukia upande wa pili. Ambilikile akabaki ameshika usukani. Hakuweza kumfukuza baba yake aliyekwisha kujiandaa hivyo, wala hakuweza kumbadilisha mkewe awe mtu mwingine.

Kissa ndiye aliyemwondolea mashaka. Alifungua mlango wa upande wa pili, akashuka kwa kuinama, gari likiwa katikati yake na mzee. Tusekile alikuwa ameshashuka, anasubiri. Kissa akampa daftari.

"Wifi, vituo vya mbele viko humu," akasema kwa sauti ya chini. "Ila ngoja nikueleze hapa pa leo, maana nimeandika kwa..."

"Najua kusoma, wifi," Tusekile akamkata, akapanda mbele na kufunga mlango.

Basi wakaondoka, mzee akiwa kitandani nyuma, anashangaa sinki na mapazia. Hakumwona aliyeshuka. Baada ya muda Ambilikile aliuliza Kissa ameandika nini kuhusu kituo cha kulala. Tusekile akalibana daftari kifuani na kumwambia yeye aendeshe, mambo ya njia amwachie. Hakutaka hata macho ya ndugu yake yaguse mwandiko ule.

Daftari lilisema hivi: ukipita soko, kilomita tano, kivukoni, egesha kabla ya kuvuka, maporomoko yapo chini yako, lala hapa. Walipopita soko, barabara ikagawanyika. Tusekile akateremsha kioo na kumuuliza mama mmoja aliyebeba kuni kivuko kiko wapi. Yule mama akamwonyesha kushoto, kule ng'ombe wanakovukia.

"Kushoto," Tusekile akamwambia dereva.

Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ya mchana ilikuwa imeipitia. Iliteremka, ikazidi kuteremka, mpaka ikafika kwenye mto ambao ukingo wake ulikuwa umevurugwa na kwato. Hapakuwa na maporomoko. Ambilikile alikanyaga breki, lakini gari la kulala ni zito, na utelezi haubishani na breki. Likaserereka taratibu mpaka magurudumu ya mbele yakaingia majini, likainamia upande mmoja. Sufuria zikamwagika kutoka kabatini. Maji yakaingia mlangoni, na Mzee Daraja akabaki amekaa juu ya kitanda cha mninga, viatu vyake amevipakata.

Simu hazikuwa na mtandao. Ambilikile alichimba kwa sufuria mpaka akachoka. Tusekile alisimama matopeni na daftari kwapani, anasoma ukurasa uleule mara kwa mara kana kwamba maneno yangebadilika. Kivukoni. Na hapa ni kivukoni. Akaanza kujiambia kwamba Kissa amefanya makusudi, na akaipenda fikra hiyo, kwa sababu ilimwondolea lawama.

Jua lilikuwa bado lipo waliposikia sauti za watu na mlio wa kengele za ng'ombe. Walikuja wanaume watano na kamba, na jozi mbili za maksai. Ambilikile akawauliza nani amewaambia. Mmoja akaonyesha kwa kidevu kwenye migomba, mahali khanga ya bluu ilipoonekana katikati ya majani. Mwenye khanga alikuwa amewapa mgongo.

"Wifi," sauti ya Kissa ikatoka migombani, "nilikupigia simu, haikupatikana. Nikachukua pikipiki mpaka pale juu, penye maporomoko. Nimewasubiri saa nzima, mpaka mama mmoja mwenye kuni akaniambia gari limeteremka huku. Niliandika kivuko kwa sababu siwezi kuandika lile neno lingine. Ndilo nililotaka kukueleza."

Tusekile akalitazama tena lile neno kwenye ukurasa. Miaka tisa alikuwa amemsikia wifi yake akiliita daraja kivuko. Miaka tisa alikuwa amelicheka neno hilo, na leo lilipohitajika hakulitambua.

Mzee Daraja alikuwa mzee, lakini hakuwa kiziwi. Alimwomba mwanawe amshike mkono, akashuka, akasimama matopeni bila viatu.

"Huyo aliye kwenye migomba ni nani?" akauliza.

"Ni Kissa, baba," Ambilikile akasema. "Alishuka ulipopanda."

Mzee akamgeukia bintiye. Hakupaza sauti.

"Tusekile, uliniambia hayupo."

"Nilitaka uone ziwa, baba."

"Ulitaka kiti. Mimi ulinichukua kama mtu anavyochukua jiwe la kufukuzia mbwa." Akatazama gari lililoinama upande, akalitazama na daftari. "Mtoto wa watu ananiheshimu hata kwenye karatasi, mahali ambapo nisingemwona. Wewe niliyekuzaa umenitia mtoni. Umekaa mbele, mwanangu, lakini kukaa mbele si kujua njia."

Tusekile akalia hapohapo, mbele ya wanaume wa watu na maksai wao. Mzee alimwacha alie. Gari lilipovutwa na kusimama sawa, alisema yeye hapandi tena. Aliyeiandika safari ndiye apande. Naye aliyemtoa kwake ndiye amrudishe kwake.

Ndivyo ilivyokuwa. Pikipiki zikaitwa. Tusekile akiwa nyuma ya baba yake, alipogeuka aliliona gari la kulala likipanda kilima kuelekea darajani, na mbele, kando ya dereva, palikuwa na khanga ya bluu. Walipofika kwa mzee ndipo alipogundua kwamba daftari amekuja nalo kwapani. Kissa hakulihitaji, kwa kuwa njia yote alikuwa nayo kichwani.

Lilikuwa limelowa. Tusekile akaliweka karibu na jiko likauke, anafunua kurasa moja moja zisigandane. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa chake peke yake: Safari ya pili, baada ya mavuno, ya baba mkwe kwenda kuona ziwa. Chini yake mwandiko uleule mzuri ulisema gari lisimame kila baada ya saa moja mzee anyooshe miguu, kwamba sokoni kuna mama mwenye uji mzuri wa ulezi, na kwamba kivukoni pana benchi lenye kivuli. Kisha: Mimi nitabaki nyumbani. Dereva ni mume wangu. Mbele akae wifi.

Tusekile aliusoma mstari huo mara nyingi. Kiti alichokiiba kilikuwa tayari kimeandikwa jina lake. Alikuwa amekichafua mwenyewe kwa mikono yake.

Baada ya mavuno, Mzee Daraja aliliona ziwa. Lakini kabla ya safari ile Tusekile alikwenda kwa Kissa siku tatu mfululizo, akakaa chini kwenye mkeka, akaomba aelezwe ukurasa kwa ukurasa, na kila neno asilolielewa akaliuliza.

Bibi akapuliza maganda kwenye sinia. Mjukuu wa kike akamuuliza huyo Tusekile yuko wapi siku hizi.

"Yupo," Bibi akasema. "Anachambua maharage."

Wajukuu wakatazamana, kisha wakautazama mlango wa gari uliokuwa bado wazi. Mkubwa akamuuliza mdogo wake kama anaijua njia ya kwenda huko wanakokwenda. Mdogo akasema anaijua, ameiuliza jana. Mkubwa akachukua begi lake, akaenda kukaa nyuma bila kuambiwa. Kukaa mbele si kujua njia.