Kilichofichwa Mbavuni mwa Gauni

Wahenga waliponena kwamba akiba haiozi, walimaanisha kuwa kinachowekwa kwa subira humfaa mtu siku asiyoitarajia. Wengi wetu tukiisikia methali hiyo huwaza mahindi darini, basi. Hilda wa Makambako hakuwaza hata mahindi, maana kwake akiba ilikuwa ugonjwa wa wazee.

Hilda alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alikata kitambaa kwa kubana kama mtu akatavyo nyanya ya mwisho nyumbani. Ndani ya mishono yake hakikubaki hata kipande cha ziada. Mteja aliyenenepa akirudi kuomba gauni lipanuliwe, Hilda alimshauri apunguze viazi. Mama mkwe wake, Bibi Yudita wa Mdandu, hakuwa mtu wa kutupa kitu, na Hilda alizoea kumtania kwamba nyumba yake ni makaburi ya nguo.

Mwezi wa Juni kikundi kimoja cha maigizo cha Njombe kilitangaza usiku wa tamthilia kuhusu miaka ya uhuru. Watazamaji waliombwa waje wamevaa kama watu wa wakati ule, na mwongozaji wa kikundi, Bwana Faustine, akasema kwamba humo ukumbini ndimo angemtafuta fundi wa kuwashonea waigizaji wake wote. Hilda alikosa usingizi. Maisha yake yote ya ufundi yalikuwa sare za shule na viraka. Kazi hii ndiyo ingemtoa huko.

Akashona gauni la satini, pana chini kama mwavuli. Lilipopata doa, akalifua siku mbili kabla ya onyesho. Lakini Juni ya nyanda za juu haina urafiki na nguo mbichi. Ukungu hulala mpaka mchana. Hilda akafanya wafanyavyo wengi wa kule, akalianika jikoni juu ya moto. Pamba huvumilia. Satini haikuvumilia. Aliporudi alilikuta limejikunja kama jani la mgomba lililobabuliwa. Mumewe, Ambrosi, alilitazama, akasema huenda miaka ya uhuru watu walivaa mkaa. Hilda hakucheka.

Asubuhi yake alikuwa Mdandu, amefyata mkia.

“Kamwene, Mama,” alisalimu kwa sauti ya kanisani.

“Kamwene, mwanangu. Umekuja kuzuru makaburi?”

Hilda akaomba radhi, akaeleza yaliyomsibu. Bibi Yudita alicheka mpaka akatafuta kigoda, kisha akafungua sanduku la bati. Harufu ya maua makavu ya pareto, adui wa wadudu, ikajaa chumbani. Chini ya mablanketi akatoa gauni la pamba la buluu, lenye kola ya duara na kiuno chembamba. Alilivaa kila Jumapili alipokuwa msichana. Hilda akaligeuza ndani nje, kama mafundi wafanyavyo. Mishono ilikuwa ya mkono, midogo kama punje za ulezi, ndani safi kama nje. Hakuwahi kujiona mdogo mbele ya nguo.

Alipolijaribu, likagoma kifuani. Mama wa watoto watatu si kigoli. Hilda akaketi kitandani, machozi yakimlenga, akasema kazi ya Njombe imekwenda na maji.

“Fumua mbavuni,” Bibi Yudita akasema. “Alilishona mama yangu. Alisema msichana hukua, na nguo yake sharti ikue naye. Mimi ndiye niliyekataa kunenepa.”

Hilda akafumua. Kitambaa kilichokunjwa ndani kikafunguka, kikafunguka tena, nacho kikatoka na buluu ambayo hakuwa ameiota: nzito, mbichi, kama anga ya Njombe mvua inapokatika. Upande wa nje jua la Jumapili nyingi lilikuwa limeupausha. Ule wa ndani jua halikuufahamu. Bibi Yudita akaugusa kwa kidole.

“Ndivyo lilivyokuwa,” akasema polepole. “Nilikuwa nimesahau.”

Gauni sasa lilimtosha Hilda, ila lilikuwa na mistari miwili ing'aayo kutoka kwapani hadi pindoni. Njia nzima ya kwenda Njombe aliificha kwa mikono, akihofu kwamba fundi wa viraka amejivika viraka.

Ukumbini kulikuwa na watu waliometameta kwa satini mpya kama samaki. Bwana Faustine alipita safu kwa safu, akasimama mbele yake, akamwuliza mistari ile ameipaka rangi gani. Hilda alitafuta utani, asiupate. Akaeleza yote kama yalivyokuwa. Bwana Faustine akamwomba asimame chini ya taa na ainue mikono. Mzee mmoja wa safu ya mbele akavua kofia, kana kwamba ameingia mtu aliyekuwa akimsubiri tangu ujanani.

“Waigizaji wangu leo wembamba, kesho wanene,” Bwana Faustine akasema kwa sauti ya chini. “Utawashoneaje, dada?”

“Nitaacha kitambaa ndani,” Hilda akajibu, “cha kuwatosha hata watakaovaa baada yao.”

Kazi akapewa palepale, pazia likiwa bado limefungwa. Na buluu iliyokaa gizani zaidi ya miaka sitini ikawa imetoa ushahidi mbele ya ukumbi mzima, bila mtu wa kuupinga: akiba haiozi.